Santuri Zilizokwenda Harusini Tanga

Jambo zima lilinigharimu pauni mia mbili na mbili na peni hamsini, na hapo muda wangu sijauweka. Nimejumlisha mara mbili: mara ya kwanza mwaka ule wenyewe wa elfu mbili na nne, nyuma ya bahasha ya bili ya gesi, na mara ya pili mwezi uliopita, niliporudi kutoka kumzika Njeri, mpangaji wangu wa zamani. Jumla haikubadilika. Kwa pesa hiyo, wakati ule, ningesafirisha mapipa manne hadi Tanga na bado ningebaki na ya kununulia mchele. Badala yake nilinunua dakika nne za muziki: kinanda cha umeme, ngoma ya mashine, na mwanamke anayesema maneno kama anasoma orodha ya kwenda sokoni huku simu inalia na hakuna anayeipokea. Dakika nne, na katika hizo nne mimi nilisikiliza mbili tu. Hilo ndilo linalonikera mpaka leo.

Nyumba ilikuwa Sparkbrook, Birmingham, mtaa unaotokea Ladypool Road, ile safu ya nyumba zilizobanana mpaka jirani akipiga chafya unamwombea afya ukiwa kitandani kwako. Niliikodi yote, nikampangisha Njeri chumba cha juu. Chumba cha mbele, ambacho wenye nyumba wengine huweka makochi na picha za Makka, mimi niliweka mapipa ya bluu. Watu wa nyumbani waliokuwa Birmingham, kuanzia wa Tanga mpaka wa Mwanza, waliniletea vitu vyao nami nikawapakia, na ufundi wangu ulijulikana, kwa sababu mimi sisafirishi hewa. Sufuria haiendi tupu, inajazwa soksi. Soksi haiendi tupu, inajazwa betri. Kiatu kinabeba sabuni. Baina ya sahani na sahani lazima pakae kitu kigumu na bapa, ama sivyo mtu wa Tanga anafungua pipa anakuta changarawe, na wa kulaumiwa ni mimi. Ukipita mbele ya dirisha langu ungenisikia nikihesabu kwa sauti, kwenda na kurudi.

Njeri alikuwa Mkikuyu wa Nakuru, mwembamba, mpole wa sauti, akifanya kazi ya kutunza wazee katika nyumba moja ya Sutton Coldfield, zamu ya usiku. Alikuwa analala asubuhi na kuamka saa tisa alasiri, na saa hiyo ndiyo tuliyokula pamoja. Mapatano yalikuwa rahisi: yeye ananunua nyama, mimi napika, yeye anaosha vyombo. Yeye anasali sala yake kwa kuinamisha kichwa, mimi nasema bismillahi, tunakutana kwenye sinia. Nimeishi na ndugu wa damu ambao hatukuwahi kula kwa amani namna ile. Kasoro yake ilikuwa moja, nayo ilikuwa inaongezeka kila wiki. Kila akitoka kazini, kabla ya kupanda treni ya kurudi mjini, alipita kwenye maduka ya chariti ya matajiri wa kule, yanayouza vitu vilivyotolewa sadaka, akanunua santuri. Si za taarab, si za dansi, si hata za kwaya, ambazo kwa Mkristo ningezielewa. Alinunua za wazungu wa miaka ya themanini, vijana wenye nywele zilizosimama na macho yaliyopakwa wanja, makundi ambayo hata mama zao nadhani hawakuyasikia. Ziliegemea ukuta wa chumba chake, zikatoka mlangoni, zikaanza kushuka ngazi. Niliporuka ya nane nikiwa na beseni la nguo mkononi, nilimwita.

"Njeri, hizi zinakwenda wapi?"

"Haziendi mahali. Zinakaa."

"Unatafuta nini humo?"

Akaniambia, akiwa amesimama na kikombe cha chai, kwamba anatafuta wimbo mmoja. Aliusikia akiwa kidato cha pili, Jumapili alasiri baada ya kanisa, kwenye idhaa ya Kiingereza. Kinanda, ngoma, mwanamke anaongea, halafu simu inaanza kulia. Hapo baba yake akazima redio, maana betri zilikuwa za taarifa ya habari.

"Na jina lake?"

"Sikuskia."

"Walioimba je?"

"Sikuskia. Nilisikia tu mtangazaji akisema ni vijana wa Birmingham."

Nikaweka beseni chini. Nilikuwa nakumbuka kwamba alishaniambia ana binamu yake Leeds, aliyemwahidi chumba cha bure na kazi yenye mshahara mzuri kuliko huu. "Kwa hiyo," nikamwambia, "ulipokataa ya Leeds ukaja huku…"

"Eeh."

"Kwa ajili ya kinanda."

"Hawa, na wewe ulikuja kwa ajili ya mapipa?"

Mtu aliyeshindwa hutafuta kosa jingine. Nikaulizia bei. Alikuwa analipa peni hamsini kwa kila moja, bila kuomba kupunguziwa hata mara moja. Nilisikia uchungu wa kweli, kama mtu aliyeona maji ya bomba yanamwagika usiku kucha. Jumamosi iliyofuata nilipanda naye treni mpaka Sutton Coldfield nikamwonyeshe namna ya kununua. Duka lilinukia lavenda na makoti ya marehemu. Njeri alichagua tano. Nikamwambia bibi wa kaunta kwamba tutalipa pauni moja. Bibi akatabasamu, akasema pesa hizo zinakwenda kwa paka wasio na makao. Nikamuuliza paka wangapi. Hakujua. Nikamwambia, mama yangu, mtu anayelisha lazima ajue analisha wangapi, na nikaona hata yeye limemwingia. Tukaishia pauni mbili. Nilitoka pale nikiwa mtu mwenye furaha. Njeri alinipa mfuko nishike, akarudi ndani, akamlipa yule bibi ile nusu pauni niliyoipunguza. Kwenye treni, tulipokaribia mjini, alisema, akiangalia nje: "Tafadhali, ukipata santuri kwa hizo minada zako, usibishane bei. Nionyeshe tu kwanza kabla uzipeleke mahali." Nikasema sawa. Nilisema sawa, na mwenyewe nilijisikia nikisema.

Haikupita miezi miwili. Kulikuwa na harusi Tanga, binti wa shangazi yangu Amina, na zawadi yangu ilikuwa sahani ishirini na nne nyeupe zenye ukingo wa bluu, nilizozipata kwenye mnada wa ghala moja kule Nechells. Muuzaji alikuwa na boksi la santuri ambalo hakutaka libaki, akalifunga pamoja na sahani akaniongezea pauni nne. Nilibishana naye mpaka nikachoka, jambo ambalo si la kila siku. Nyumbani nikalifungua: santuri ishirini na nne, zote za aina moja, kwenye mifuko ya karatasi nyeupe, bila picha ya mtu, bila jina, katikati kuna mchoro wa simu tu. Nikahesabu tena, ishirini na nne. Nikaliweka nyuma ya mlango.

Siku ya kupakia, lori la wakala lilikuwa linakuja saa nane mchana na halisubiri mtu. Maboksi ya ndizi ninayoyakata kuweka baina ya sahani yalikuwa uani, na mvua ya usiku ilikuwa imeyageuza uji. Nikatazama sahani, nikatazama nyuma ya mlango. Santuri moja juu ya sahani moja: inafunika yote, inabaki upana wa kidole. Ungedhani waliotengeneza sahani na waliotengeneza muziki walikaa kikao kimoja. Nilisimama chini ya ngazi. Juu, Njeri alikuwa amelala, namsikia anavuta pumzi. Nilijiambia ni huruma kutomwamsha mtu aliyetoka zamu. Si kweli. Nilijua nikimwamsha atakaa sakafuni, atazitoa moja moja kwenye karatasi, ataziinua kwenye mwanga, na lori litaondoka bila pipa langu. Sahani ishirini na nne zina nafasi ishirini na tatu baina yake. Nikatumia ishirini na tatu. Pipa likafungwa, likapigwa mkanda, likaenda. Ile moja iliyobaki nikaipeleka jikoni, kwa sababu kitu hakikai bure kwangu.

Jumapili nilipika pilau ya ng'ombe. Sufuria nikaitoa motoni nikaiweka mezani, juu ya ile santuri, isiunguze plastiki ya meza. Tulikula vizuri, nakumbuka kachumbari ilikuwa na pilipili mno na Njeri akawa anafuta macho na kusifu. Tulipofika kwenye ukoko, aliinua sufuria aikwangue akiwa ameipakata. Akatazama mezani.

"Hii ni nini?"

"Ya kuwekea sufuria."

"Hawa. Iko na shimo."

"Ndiyo. La kutundikia."

Aliichukua kwa vidole viwili, akaiosha kwa maji ya uvuguvugu, akaipangusa kwa kanga yangu bila kuniomba, akapanda nayo juu. Nikamfuata na kijiko mkononi. Akaiweka kwenye mashine yake akashusha sindano. Kinanda kikaanza, chembamba, kama baridi inayopita chini ya mlango. Ngoma. Kisha mwanamke akaanza kuongea, na Njeri akakaa kitandani taratibu, kama mtu anayekaa mbele ya mgonjwa. Simu ikalia mara moja, mara mbili, mara tatu. Sindano ikaruka, ikakwaruza, ikarudi, ikaruka tena. Santuri huanza pembeni na kuishia katikati, na sufuria yangu ilikuwa imekaa katikati. Mwanzo wote ulikuwa mzima. Mwisho ndio ulioiva pamoja na pilau.

"Ni hapa," akasema. "Baba alizima hapa hapa."

Nikaweka kijiko chini.

"Ziko zingine?"

"Ishirini na tatu."

"Wapi?"

"Baharini."

Mtu mwingine angepiga kelele, na mimi ningejua la kufanya, maana kwa kelele nimesomea. Njeri alisema "wacha tu," akanifungia mlango polepole. Kuanzia siku ile akawa anashuka saa kumi na moja, nikishakula, anasonga ugali wa mtu mmoja, anakula amesimama, anaosha sufuria yake na yangu pia, anapanda. Aliendelea kuosha vyombo vyangu. Hilo liliniumiza kuliko matusi. Wiki ya tatu nikaona kwenye friji amebandika karatasi yenye namba tatu za watu wanaopangisha vyumba. Nilijiambia ninachohofia ni nusu ya kodi ya nyumba. Nilikuwa napika kipimo kile kile cha watu wawili, halafu nakula kiporo siku mbili, nimekasirika.

Pipa lilifika baada ya wiki saba, harusi ikafanyika, nami nikanunua kadi ya kukwangua nikampigia shangazi.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Sahani tumezipata, nzuri, hata moja haikuvunjika. Na vile visahani vyake vyeusi vya chini, watu wamevisifu."

"Shangazi, vile si visahani."

"Sasa ni nini?"

"Santuri."

"Za nini?"

"Za muziki, shangazi."

Nilisikia dakika za kadi zikinitoka mwilini. "Mwanangu," akasema, "muziki gani huo unaoletwa na sahani za pilau?"

Kumbe walipofungua pipa waliona kila sahani na cheusi chake, wakajua ndio mtindo wa Ulaya. Akina mama waliopika harusini, kila mmoja alipewa sahani moja na kisahani chake cha chini kama ahsante. Kina mama ishirini na wanne. Wa mwisho, Mama Saumu, alipata sahani isiyo na cha chini, na tangu siku hiyo hamsemeshi shangazi, anadhani amedharauliwa makusudi. Nikamwomba shangazi azirudishe. Akauliza kama huku ninakoishi watu hupita nyumba kwa nyumba kudai zawadi waliyokwisha kuitoa. Aibu hiyo, akasema, ataibeba nani, mimi niliyeko mbali au yeye anayekwenda kisimani na watu hao hao? Tukaanza bei. Yeye alitaka doti mbili za kanga kwa kila santuri, nikasema mtandio mmoja. Kadi ikakatika. Nikanunua nyingine. Kadi ya nne tulikubaliana doti moja kwa kila mama atakayerudisha, mashine ya kusagia juisi kwa shangazi mwenyewe kwa kubeba aibu, na kisahani cha chini cha Mama Saumu, chochote, mradi kiwe cheusi.

Miezi minne zikapatikana kumi. Alizileta mwanafunzi mmoja aliyekuwa anakuja kusoma hapa, akanitoza kwa kilo kana kwamba amebeba dhahabu. Nikazifungua mezani, Njeri amesimama mlangoni na koti lake la kazini, lakini safari hii hakuondoka. Moja ilikuwa kifuniko cha mtungi na ilinukia ubani. Nne zilikuwa zimekaa chini ya masufuria, kama ya kwangu, kwa hiyo sikuwa mjinga peke yangu. Moja mtoto ameitengenezea gurudumu. Nyingine tatu zilikuwa zimekwaruzwa na mchanga mpaka zimekuwa kijivu. Ya kumi ilikuwa nyoofu, inang'aa, unajiona uso. Shangazi alikuwa amenieleza kwenye simu: mama mmoja wa Chumbageni aliona ni pambo, akaipigilia msumari ukutani juu ya kitanda chake, kwa lile shimo la katikati.

"Unaona," nikamwambia Njeri. "La kutundikia."

Ilikuwa mara ya kwanza kwa miezi mingi kuona pembe ya mdomo wake ikicheza. Akapanda nayo juu, akaacha mlango wazi. Nikachukulia ni mwaliko. Nikakaa kwenye ngazi ya juu na bahasha ya gesi na kalamu, kwa sababu sasa hesabu ilikuwa imekamilika na nilitaka kumwonyesha aone alichonigharimu: kadi, kanga, kilo, mashine ya juisi, sindano mpya. Kinanda kikaanza. Mwanamke akaongea. Simu ikalia, Njeri akanyoosha mkono kuninyamazisha ingawa nilikuwa sijafungua mdomo. Simu ikaendelea, wimbo ukapita pale ambapo baba yake alizima na pale sufuria yangu ilipokaa, ukaingia upande ambao yeye aliusubiri tangu kidato cha pili. Mimi nilikuwa nimefika mia na themanini na nne. Nilipopata jumla nikaanza tena kutoka juu, kuhakikisha. Niliposema "mia mbili na mbili na peni hamsini," sindano ilikuwa inazunguka kimya.

"Ni hivyo tu?" Njeri akauliza. Hakuniuliza mimi, aliiuliza mashine. Halafu akasema: "Mwisho wake si mzuri." Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akaja kukaa ngazini, ubavuni kwangu, ameshika mbavu.

"Mia mbili," nikamwambia.

"Na mbili," akasema. "Nimeskia. Umepika?"

"Sijapika."

"Basi pika, niko na njaa."

Tulikaa nyumba moja miaka miwili zaidi, mpaka alipoolewa akahamia Nechells akamzaa Kevin. Santuri ile nzuri aliitundika sebuleni kwake, na hakuicheza tena mbele yangu, wala mimi sikuomba. Nilikuwa nimeshailipia, niliiona kila Krismasi na kila Idi, nilidhani iko pale.

Sasa nifike kwenye kero ya mwezi uliopita. Wiki moja baada ya mazishi nilikwenda kumsaidia Kevin kupanga vitu, nikakuta kuta nyeupe. Njeri aliacha santuri mia sita na kumi na moja, najua kwa sababu nilizihesabu mwenyewe alipokuwa hospitali, kumliwaza. Kijana ameziuza zote kwa mtu mwenye gari, kwa pauni mia na hamsini. Nikamuuliza, "Alisema mia na hamsini, na wewe ukasema ngapi?" Kiswahili anakielewa chote, lakini hujibu kwa Kiingereza, akanijibu kwamba alisema ahsante. Ilinibidi nikae. Mtoto wa tumbo la Njeri kabisa. Akaona nilivyo, akaenda kuniletea moja ambayo mnunuzi aliikataa: ile iliyopinda. Kwenye karatasi yake, kwa mwandiko wa mama yake: *Ya sufuria ya Hawa.*

Nilimtafuta yule mnunuzi mpaka dukani kwake. Santuri ya mchoro wa simu ilikuwa imeshapata mtu Japani, kwa bei ambayo siiandiki hapa kwa sababu nina presha. Nikamwomba basi anisimulie tu mwisho wa wimbo ukoje. Akasema hajui, vitu kama hivyo havichezwi, vinahifadhiwa. Kevin ametafuta kwenye simu yake, amekuta watu wa nchi tatu wanaulizana kama kuna aliyewahi kuusikia. Nami niliusikia. Nilikuwa ngazini, hatua mbili kutoka kwenye spika, nahakikisha hesabu ambayo ilikuwa sahihi tangu mara ya kwanza.

Ila hesabu nyingine nayo ni sahihi: ishirini na tatu zilikwenda, kumi zilirudi. Kumi na tatu bado ziko Tanga. Kwa hiyo nakuomba wewe unayesoma, kama mama yako au bibi yako alipika kwenye harusi ya binti wa Bi Amina, akarudi nyumbani na sahani nyeupe yenye ukingo wa bluu, angalia jikoni kwake. Angalia mdomoni mwa mtungi, na juu ya kitanda. Kama iko chini ya sufuria, toa sufuria kwanza. Huna haja hata ya kunitumia. Tafuta mashine, iweke, subiri simu ilie mpaka ipite pale inapokera, kisha niambie kinachofuata, na kama kweli si kizuri niambie hivyo hivyo. Doti mbili za kanga, na sitabishana.